Paa la vigae vya lami linavuja, lina mawimbi au linatoa jasho: anza kukagua tandiko

Vigae ninavyozungumzia hapa ni vile vyepesi vya lami vyenye punje juu, vinavyopigiliwa misumari kwenye plaiwudi. Si vya udongo, wala si vile vya bati lenye punje za mawe. Kati ya kigae na plaiwudi kuna karatasi moja ambayo mwenye nyumba huiona siku mbili tu, kisha inafunikwa na kusahaulika. Mimi naiita tandiko. Kigae kinatelezesha maji yashuke, lakini maji yanayosukumwa na upepo chini ya kigae, yanayogeuka nyuma kwenye bonde la paa (pale miteremko miwili inapokutana) au yanayofuata tundu la msumari, yote hayo hupokewa na tandiko.

Karibu kila paa la namna hii ninaloitwa kulitazama, mwenye nyumba ameshaambiwa vigae vyake ni feki. Mara nyingi vigae ni vizima kabisa. Kosa lilifanyika siku tandiko lilipochaguliwa kwa kuangalia bei peke yake, au kwa kufuata mchoro wa kwenye pakiti uliochorwa kwa ajili ya nchi zenye theluji. Inaniuma kuona mtu anang'oa paa la miaka mitatu, ananunua vigae vipya, kisha anarudishia karatasi ileile iliyomwangusha.

Kabla hujapanda juu, tafuta majibu mawili. La kwanza: maji yanaonekana lini? Kila mvua, mvua ya upepo tu, au asubuhi hata kama hakukunyesha? Andika kwa wiki mbili kama unaweza. La pili: paa limeinama kiasi gani? Ingia darini na pimamaji na futi ya kupimia. Gusisha ncha ya pimamaji kwenye upande wa chini wa boriti ya kenchi, lilaze sawasawa kuelekea katikati ya nyumba, hesabu mita 1, halafu pima wima kutoka hapo kwenda juu mpaka uguse boriti ileile. Ukipata sentimita 33 au zaidi, mwinamo wako ni wa kawaida. Kati ya 17 na 33, mwinamo ni mdogo na tandiko linatakiwa kuwa la tabaka mbili. Chini ya 17, vigae vya lami havikupaswa kuwekwa hapo, na hakuna tandiko litakalookoa paa hilo; tafuta bati au zege lenye kizuia maji.

Matone yanadondoka na mvua hakuna

Mwaka jana mwezi wa saba mama mmoja wa hapa Arusha alinipigia saa moja asubuhi. "Fundi, paa linavuja tena." Nikamuuliza, "Shikamoo mama. Kwani huko kumenyesha?" Akanyamaza kidogo. "Marahaba. Hata tone."

Nilifika kabla jua halijapasha paa, nikapanda darini na tochi. Ncha za misumari ya vigae zilizotokeza chini ya plaiwudi zilikuwa zinameta, kila ncha na tone lake. Niligusa moja, tone likateremka kidoleni, la baridi kama limetoka kwenye friji. Chini, juu ya jipsamu, kulikuwa na madoa madogo ya mviringo yaliyojipanga kwenye mistari, nafasi ileile kama ya misumari iliyo juu yake. Plaiwudi ilikuwa imeanza weusi na harufu ya uyoga.

Paa la namna hiyo halivuji. Ni mvuke wa nyumba yenyewe: jikoni, bafuni, pumzi za watu waliolala. Unapanda, unapenya kwenye nyufa za dari, unakutana na plaiwudi iliyopoa usiku, unageuka maji. Msumari wa chuma hupoa haraka kuliko mbao, ndiyo maana matone huanza hapo. Nilipofungua vigae viwili pale ukingoni nilikuta nailoni nyeusi, ile ya kutandika chini ya zege la sakafu. Fundi aliyeiweka aliona nailoni haipitishi maji, akaridhika. Kweli haipitishi, wala haipitishi mvuke, na mbao zilizolowa usiku hazikupata njia ya kukaukia upande wa juu. Halafu kila msumari umeitoboa, na nailoni haishiki msumari. Tundu linabaki wazi.

Usikimbilie kubadili tandiko kwanza. Anza na hewa. Kanuni inayotumika sana Marekani, ambako paa hizi zimeenea kuliko kwingine, ni hii: eneo la dari gawanya kwa 150, hiyo ndiyo jumla ya nafasi wazi ya kupitisha hewa. Ikiwa nusu ya nafasi iko chini kwenye ukingo na nusu iko juu karibu na kofia, yaani kilele cha paa, unaweza kugawanya kwa 300. Nyumba ya mita za mraba 120 inahitaji basi mita ya mraba 0.4 ikiwa hewa inaingia chini na kutokea juu. Wavu wa wadudu unakula sehemu ya nafasi hiyo, kwa hiyo ongeza. Kisha angalia bomba la feni ya bafuni. Nimekuta si mara moja likiishia darini, linamwaga mvuke palepale.

Hewa ikishatengenezwa, ndipo uzungumzie karatasi. Felti, yaani karatasi iliyoloweshwa lami, hupitisha mvuke kiasi. Tandiko la plastiki lililofumwa, kwa aina nyingi zilizoko sokoni, karibu halipitishi. Hilo si kasoro kama dari inapumua vizuri. Lakini kwa nyumba ya sehemu za baridi kama Lushoto, Njombe au miteremko ya Meru, yenye dari iliyofungwa kila upande na mwenye nyumba hataki kutoboa matundu ya hewa, mimi naweka felti, au aina ya plastiki iliyoandikwa wazi kwamba inapitisha mvuke. Nailoni ya sakafu ibaki sakafuni.

Paa lina mawimbi

Simama barabarani asubuhi jua likiwa bado chini, litazame paa kwa pembeni. Kivuli kitakuonyesha kila mkunjo.

Mikunjo ikiwa imenyooka na imeachana kwa kipimo kilekile, mita 1.22 au 2.44, hiyo ni mipaka ya plaiwudi. Shuka, yaani vipande vizima vya plaiwudi, zilibanwa zikagusana, zikanyonya unyevu, zikatanuka, zikainuana. Ilitakiwa kuachwa upenyo wa milimita 3 hivi kati ya shuka na shuka. Msumari mwembamba ndio kipimo changu. Hapo tandiko halina hatia.

Mikunjo ikiwa haina mpangilio, asubuhi ni mikubwa na saa nane mchana imepungua, hapo ni felti. Felti nyepesi hunyonya unyevu na kujikunja. Ikitandikwa jioni, ikapigwa umande usiku, kisha vigae vikapigiliwa alfajiri kabla haijanyooka, mkunjo unafungiwa ndani. Baadhi hutulia baada ya miezi michache ya joto. Isipotulia, fungua sehemu hiyo, chana mkunjo kwa kisu, laza, weka kiraka kinachopanda chini ya tandiko la juu yake na kulala juu ya tandiko la chini yake.

Kwa paa jipya, jambo hili huamua uchaguzi. Zamani felti namba 15 ilipewa jina hilo kwa sababu ilikuwa na uzito wa ratili 15, karibu kilo 6.8, kwa futi za mraba 100. Siku hizi bunda lililoandikwa 15 mara nyingi ni jepesi kuliko hapo. Namba 30 ni nene, inalala vizuri, lakini bunda lake lenye ukubwa uleule linafunika nusu ya eneo. Ukijenga kipindi cha masika au vuli, plastiki iliyofumwa inakuondolea shida hii yote kwa sababu hainyonyi maji. Ukitaka kuijua, chana kipande: utaona nyuzi bapa zilizopishana, zilezile za gunia la mchele, ila hizi zimepakwa pande zote mbili.

Inavuja mvua ikija na upepo tu

Hili ndilo linalonileta pwani mara kwa mara. Mvua iliyonyooka ikinyesha kutwa nzima, dari ni kavu. Kusi ikivuma na mvua dakika ishirini, ukuta wa upande wa bahari unalia.

Rudi kwenye ule mwinamo uliopima. Ikiwa ni kati ya sentimita 17 na 33 kwa mita, na chini ya vigae kuna tabaka moja tu lililopishana sentimita 5, sababu unayo mkononi. Maji yanasukumwa kwenda juu, yanavuka mpishano. Kwa mwinamo huo karatasi ya upana wa sentimita 91 hutandikwa hivi: kwanza kipande cha sentimita 48 ukingoni, juu yake karatasi nzima kuanzia ukingo uleule, kisha kila karatasi inayofuata ipishane na ya chini yake kwa sentimita 48. Hakuna mahali patakapobaki na tabaka moja. Mafundi wengi wanaliona hili kuwa upotevu wa karatasi. Wanaolipa ni wenye nyumba, mwaka wa pili.

Mwinamo ukiwa wa kawaida, angalia ukingo. Bati la ukingo lina mpangilio ambao hukosewa kila siku. Upande wa chini, kwenye gata, bati linatangulia na tandiko linalala juu yake, ili maji yaliyo juu ya tandiko yamwagike kwenye gata. Pembeni, kwenye ukingo unaopanda kutoka gata hadi kofia, ni kinyume: tandiko kwanza, bati juu yake, ili upepo usipenye chini ya karatasi. Ukikuta upande wa gata tandiko limeishia nyuma ya bati, maji yote yaliyopita kigae yanashushwa kwenye fishabodi, mbao inayofunika ncha za boriti ukingoni. Ndiyo maana mbao hiyo inaoza huku vigae vikiwa vipya. Inua safu ya kwanza ya vigae taratibu, kata tandiko, lilaze upya juu ya bati. Kazi ya siku moja.

Angalia pia miisho. Bunda moja likiisha na jingine likianza, mpishano wa pembeni uwe angalau sentimita 10, mimi huweka 15, na mwisho wa safu hii usikutane na mwisho wa safu ya chini. Ziachane karibu mita 1.8. Nimekuta paa ambalo miisho yote ilipangwa mstari mmoja, kama zipu, kutoka kofia hadi gata. Lilivuja kwenye mstari huo huo.

Inavuja bondeni, kwenye bomba, au chini ya hita ya sola

Doa likiwa karibu na mahali paa mbili zinapokutana, au bomba la hewa la choo linapotokea, au ukuta unapopandia juu ya paa, usihangaike na vigae vya katikati. Maji hutembea juu ya plaiwudi na kuteremka kwenye boriti kabla ya kudondoka, kwa hiyo mahali pa kuingilia huwa juu kuliko doa. Mwagia maji kwa mpira, ukianzia chini na kupanda polepole, dakika kumi kila hatua, mtu mmoja akiwa darini na tochi. Ukianzia juu hutajua ni wapi.

Sehemu hizi zinataka tandiko la kunata: karatasi ya lami iliyochanganywa na mpira, ina ngozi ya plastiki chini ambayo unaibandua. Ubora wake ni kwamba msumari ukipita, lami inaushika na kuziba. Bondeni, laza karatasi ya sentimita 91 ikiwa katikati ya bonde, kipande kimoja kutoka juu hadi chini kama inawezekana, iguse plaiwudi kote bila kuning'inia kama chandarua. Ikining'inia, mtu akikanyaga inapasuka. Kwenye ukuta, ipande sentimita 15 hivi, kisha bati la kukinga maji lije juu yake.

Haishiki kwenye vumbi. Fagia, futa, subiri plaiwudi ikauke, bandika, kandamiza kwa rola. Nilimwona kijana mmoja akibandika juu ya vumbi la msumeno. Kesho yake tuliibandua kwa vidole viwili.

Na hapa ndipo pakiti inapodanganya watu wa kwetu bila kukusudia. Nchi za theluji, kanuni zinataka karatasi ya kunata kando ya gata lote mpaka sentimita 60 ndani ya mstari wa ukuta, kwa kuwa barafu huziba ukingo na maji hurudi nyuma chini ya vigae. Nimeona mteja ananunua mabunda manne kwa ajili ya gata huku bonde lake limewekewa felti iliyokunjwa. Kwetu barafu haizibi gata. Fedha hiyo ipeleke mabondeni, kwenye mabomba na kwenye kuta.

Hita za sola zinastahili neno lao. Fundi wa sola hutoboa vigae, plaiwudi na tandiko, halafu anajaza silikoni juu. Silikoni haishiki vizuri kwenye lami, na tundu la tandiko chini yake halikuzibwa kamwe. Kama unajua utaweka hita, weka kipande cha kunata pale miguu yake itakapokaa kabla vigae havijafunika, na piga picha yenye futi ndani yake ili ukumbuke mahali.

Kubandika karatasi ya kunata paa zima? Inawezekana, lakini inafungia mvuke ndani kama ile nailoni, na siku ya kubadili vigae inang'oka na ngozi ya plaiwudi. Siipendekezi.

Tandiko limepauka na kuchanika kabla vigae havijafika

Nyumba zetu zinajengwa kwa awamu. Plaiwudi inapigwa mwezi huu, tandiko linafuata, halafu fedha ya vigae inasubiri mavuno au bonasi. Tandiko linabaki uchi miezi mitano, na mwenye nyumba anaamini paa limefunikwa.

Tandiko halikutengenezwa kuwa paa. Felti hukakamaa na kupasuka baada ya muda mfupi wa jua. Plastiki huvumilia zaidi. Kwenye bunda huandikwa siku, 60, 90, mara nyingine 180, kutegemea aina. Jua letu la karibu na ikweta, tena juu ya mlima, ni kali, kwa hiyo mimi nusu ya siku zilizoandikwa ndiyo naihesabu. Dalili za kuchoka: rangi imefifia, ukisugua kwa kidole unga unabaki, ukikunja kona inatoa ufa. Hiyo usiifunike kwa vigae. Ing'oe.

Mara nyingine karatasi ni nzima ila imechanika kwenye vishikizo. Hapo mkosaji ni stepla. Pini ya stepla ina mguu mwembamba, upepo unaitumia kama kisu. Tumia misumari yenye kofia pana ya plastiki, hasa kwa tandiko la plastiki. Pwani misumari yote iwe iliyopakwa zinki, maana chumvi ya bahari hailazi damu.

Ushauri wangu kwa anayejenga kwa awamu ni huu: usinunue tandiko mpaka vigae viwe vimeshushwa kiwanjani. Ukilazimika, funika kwa turubai. Na usipande juu ya tandiko la plastiki lenye umande bila kamba. Linateleza kuliko bati.

Lami inachuruzika kwenye ukingo

Matone meusi kwenye fishabodi mchana wa joto hutoka kwenye karatasi ya kunata isiyo ya joto kali. Paa jeusi juani huweza kupita nyuzi 65. Chini ya vigae vya lami karatasi ya kawaida kwa kawaida inavumilia. Matatizo huja pale sehemu ya paa ina bati. Chini ya bati dai aina iliyoandikwa ya joto la juu.

Vigae vinapeperuka

Hilo si la tandiko. Angalia kama misumari imepigwa juu ya mstari wake, au vumbi limezuia gundi ya kigae kushika.

Ukifika dukani

Muombe muuzaji bunda lenye karatasi yake ya maelezo, kisha tafuta namba za viwango vya ASTM, shirika la viwango la Marekani. ASTM D226 au D4869 ni felti. D8257 ni ya plastiki, na D1970 ni ya kunata. Bunda lisilo na namba yoyote, lenye neno "waterproof" kubwa peke yake, liache. Angalia felti kwenye ncha za bunda: zikiwa zimebonyea au zimeshikana, limehifadhiwa limelala juani na halitafunguka vizuri. Kwa plastiki, tafuta mistari iliyochapishwa ya mpishano, na uso wa juu ambao kiatu kinaushika.

Paa likikamilika, kata kipande cha tandiko kama ukubwa wa daftari, andika kwa kalamu ya wino mzito aina yake, tarehe na idadi ya tabaka, kisha kipigilie kwenye boriti karibu na mlango wa dari. Fundi atakayepanda humo baada ya miaka kumi hatalazimika kung'oa kigae ili ajue kilichoko chini.